Taka na Faida katika Mgodi wa Nyamongo

Msafiri ashukaye kutoka nyanda za juu za Tarime kuelekea bonde la Mto Mara hufika Nyamongo, na huko huona vilima ambavyo Mwenyezi Mungu hakuviumba. Ni vilima vya mawe yaliyotolewa shimoni yakatupwa, kwa kuwa dhahabu iliyomo haitoshi kulipia gharama ya kuyasaga. Wachimbaji wadogo wa Kanda ya Ziwa huyaita mawe ya namna hiyo magwangala. Katika vitabu vya mgodi mawe hayo ni taka. Kwa kijana wa Kewanja au Nyangoto ni riziki, na wako waliokufa wakiitafuta. Lugha yetu ina mzaha wake: taka ni kitu kitupwacho, na taka ni amri ya kutamani. Nakusudia kueleza jinsi wakuu wa mgodi huo walivyolisoma neno hilo walipotafuta faida.

Elimu ya kuendesha kazi pasipo upotevu asili yake ni Ujapani. Sakichi Toyoda alikamilisha mwaka 1924 mtambo wa kufumia nguo ambao uzi ukikatika husimama wenyewe, usije ukafuma nguo mbovu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Taiichi Ohno aliikuza fikira hiyo katika kiwanda cha magari cha Toyota, akafundisha kuwa upotevu ni wa namna saba: kuzalisha kupita haja, kungoja, kuhamisha vitu huku na huko, kufanya kazi isiyolazimu, kulimbika akiba, kutembea bure, na kutengeneza vibovu. Wamarekani walioichunguza kazi hiyo katika miaka ya 1980 waliipa jina la uzalishaji mwembamba, na jina hilo limewapotosha wengi, maana alisikiaye hudhani kuwa dawa yote ni kufukuza watu. Kiini chake ni kingine. Mfanyakazi wa chini kabisa aonapo kasoro ana ruhusa ya kuvuta kamba, na safu nzima ya kazi ikasimama hata kasoro itakapopatiwa dawa.

Mgodi wa North Mara ulianza kuzalisha mwaka 2002. Ulipita mikononi mwa Placer Dome, mwaka 2006 ukawa wa Barrick ya Kanada, na mwaka 2010 ukawekwa pamoja na migodi mingine ya Tanzania chini ya kampuni iliyoitwa African Barrick Gold. Maadamu bei ya dhahabu ilikuwa ikipanda, upotevu haukumuuma mtu. Mwaka 2013 bei ilianguka, kutoka karibu dola 1,700 kwa wakia hata karibu dola 1,200 mwaka ulipokwisha, nayo gharama ya kampuni kwa wakia moja ilikuwa dola 1,362. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Brad Gordon, aliyeshika uongozi mwaka huo huo, alipunguza matumizi, mikataba na wataalamu wa kigeni. Kampuni ikabadili jina mwaka 2014 ikaitwa Acacia, na kufikia mwaka 2016 gharama ilikuwa imeshuka hata dola 958.

Huko Nyamongo jambo lililostahili sifa kuliko yote lilikuwa Gokona. Mwaka 2015 walianza kuchimba chini ya ardhi, wakaufuata mwamba wenye dhahabu nyingi, badala ya kuzidi kupanua shimo la wazi na kubeba mlima mzima wa mawe matupu kwa ajili ya gramu chache. Ohno angaliitikia kwa kichwa. Katika mgodi hapana upotevu uzidio ule wa kubeba jiwe lisilo na kitu.

Walakini uzi ulikuwa umekwisha kukatika nje ya ua wa mgodi, na mtambo haukusimama. Mwezi Mei 2009 maji ya sumu yalivuja karibu na Mto Tigithe, ambao humwaga maji yake katika Mto Mara, na ng'ambo ya Mara ni wilaya ya Serengeti. Tarehe 16 Mei 2011 polisi waliwaua kwa risasi watu wasiopungua watano katika ghasia za watu walioingia mgodini kutafuta mawe. Kesi iliyofunguliwa Uingereza ilimalizwa kwa maelewano mwaka 2015. Wanakijiji walilalamika mwaka baada ya mwaka, na malalamiko yao yakahesabiwa kuwa shughuli ya walinzi na mawakili. Kwa maoni yangu hapo ndipo elimu ya Ujapani ilipoachwa nusu: wakuu walichukua kisu cha kupunguzia, wakaiacha kamba ya kuvuta. Aliyeiona kasoro kwanza alikuwa mtu wa Nyamongo achotaye maji, naye hakuwa na kamba.

Deni hilo lilidaiwa mwaka 2019. Mwezi Mei, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa ajili ya bwawa la tope sumu, na mwezi Julai likauamuru uache kulitumia. Kinu cha dhahabu kisicho na mahali pa kumwaga tope hakiwezi kusaga kwa muda mrefu. Mwezi Septemba Barrick iliwanunua wenye hisa wengine wa Acacia, na bwawa likaruhusiwa tena. Mark Bristow, mkuu mpya, alikuwa na desturi ya kuifanya ofisi kuu iwe ndogo na kuyaacha maamuzi kwa walioko mgodini. Mwezi Januari 2020 serikali ilitia saini mkataba ulioipa asilimia 16 ya migodi kupitia kampuni ya Twiga. Hatua hizo zilikuwa karibu zaidi na mafundisho ya Ohno kuliko ule ukataji wa 2013, kwa kuwa zilimsogeza mwamuzi karibu na kasoro.

Zilimsogeza hata ua, si hata mtoni. Mwezi Novemba 2022 wakazi wengine wa Nyamongo walifungua kesi Ontario, katika nchi ya Barrick yenyewe, kwa ajili ya watu waliouawa na kujeruhiwa. Kampuni ilikana lawama.