Mafuta ya Miaka ya Shida

Historia tuliyofundishwa darasani ilikuwa ya watemi, vita na mikataba. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba historia inaweza kukaa ndani ya kikopo cha mafuta chini ya boneti. Mimi niliikuta humo, pale Izigo, siku niliyoitwa mharibifu wa magari mbele za watu.

Ilikuwa Desemba mwaka jana. Tulikuwa tunatoka Bukoba kwenda Muleba na Land Rover ya mjomba, Series III, gari lililonizidi umri kwa miaka zaidi ya 20. Nyuma tulipakia viti vya harusi. Usukani nilishika mimi, maana mjomba alikuwa ameahidi kwamba nikifika Muleba salama, kazi ya udereva ni yangu. Kwa kijana aliyeishia kidato cha nne, ambaye mali yake yote ni madaftari matatu ya riwaya isiyokwisha, hiyo haikuwa ahadi ndogo.

Izigo nilisimama kupisha ng'ombe. Nilipokanyaga klachi ili niondoke, pedeli ikazama mpaka chini kama nimekanyaga tope. Nikasukuma gia. Krrr! Ikakataa. Nikajaribu tena. Krrr!

"Umeiunguza!" mjomba akafoka. "Tangu Kemondo umepumzisha mguu juu ya klachi. Ninyi vijana mnaendesha gari kama mnacheza muziki!"

Watu wakasogea, wengine wakicheka. Nikashuka kichwa chini, naiona kazi inakwenda na maji.

Hebu nikisimamishe kisa hapo kidogo, maana klachi nayo ina asili yake. Injini ikishawaka huzunguka muda wote, lakini magurudumu hayana budi kusimama mara kwa mara. Klachi ni mshenga kati yao: huwaunganisha na kuwatenganisha bila ugomvi. Gari la Karl Benz la mwaka 1886 lilitumia mkanda kwa kazi hiyo. Baadaye magari mengi yakawa na klachi ya koni iliyovikwa ngozi. Ngozi ikikauka, gari liliondoka kwa kuruka kama mbuzi, na madereva waliilainisha kwa mafuta, hata ya nyonyo. Ikilowa ikaanza kuteleza, waliinyunyizia udongo laini unaofyonza mafuta. Yaani tangu enzi hizo, klachi ikisumbua, dawa ilikuwa ni kutia kitu. Na kwa ngozi, dawa hiyo ilifaa.

Miaka ya 1920 sahani moja kavu ilianza kushika nafasi ya koni. Kisha, kwenye Land Rover za kuanzia Series II ya mwaka 1958, pedeli haikuvuta tena vyuma. Inasukuma mafuta kutoka masta silinda ya juu, yanapita kwenye bomba, yanaisukuma silinda ndogo ya chini, nayo inaiachisha sahani. Kinachozuia mafuta hayo yasivuje ni viraba vidogo tu. Viraba hivyo vinapatana na mafuta ya breki. Oili ya injini huvivimbisha na kuvilegeza.

Sasa turudi Izigo. Akaja fundi mmoja wa makamo, mikono imeshiba grisi. Hakushika spana. Aliuliza kwanza.

"Kijana, kulinuka kitu kama kinaungua?"

"Hapana."

"Mlimani injini ilikuwa inanguruma, gari halina nguvu?"

"Hapana, ilipanda vizuri tu."

"Basi, mzee wangu," akamgeukia mjomba, "klachi iliyoungua inateleza. Gia zinaingia, kelele nyingi, mwendo hakuna. Hii yenu haiachii. Hayo ni magonjwa mawili, tena ni maadui. Kijana, pampu mara tatu, haraka!"

Nikapampu. Pedeli ikapanda kidogo, gia ikaingia shingo upande, halafu pedeli ikazama tena.

"Ugonjwa uko kwenye mafuta, siyo kwenye mguu wake," fundi akasema. Akafungua kile kikopo. Ndani mafuta yalikuwa meusi, mazito. Akachovya kidole, akanusa. "Waitu, mzee, hii si oili ya injini? Nani katia?"

Kimya. Hata waliokuwa wanacheka walinyamaza. Mjomba akatazama migombani kwa muda mrefu, kisha akaanza kusema, taratibu, kama mtu anayejitetea barazani.

Mwaka 1978 alikuwa utingo, kijana wa miaka 19. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba, na siku chache baadaye daraja la Kyaka likavunjwa, Serikali ilichukua magari ya raia kubeba askari. Lori la tajiri wake nalo likaenda. Liliporudi lilikuwa mifupa. Vita vikaisha mwaka 1979, wananchi wakaambiwa wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ikageuka miaka. Fedha za kigeni hakuna, spea hakuna. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na mtu mwenye spea mbili za ziada aliogopa hata kuzitaja.

"Mafuta ya breki yalikuwa hadithi," mjomba akasema. "Tulitia tulichonacho. Oili. Hata maji ya sabuni. Gari lilifika, na mgonjwa aliyekuwa ndani alifika. Ya kesho tulimwachia Mungu."

Mwaka 1984 milango ililegezwa, wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa, na spea zikaanza kurudi kidogo kidogo. Leo mafuta ya breki yanauzwa madukani kama chumvi. Lakini mkono wa mjomba haukupata habari hiyo. Ulibaki mwaka 1983, ukaendelea kutia.

Ndugu zangu, simcheki mjomba. Oili ile iliyoua viraba ndiyo iliyookoa watu siku ambazo hapakuwa na kingine. Ninachosema ni hiki: shida huondoka, mazoea yake yakabaki. Na yanapovunja kitu, anayeshikwa ni kijana aliyekutwa kwenye usukani. Ni mara ngapi tunaambiwa tumeunguza, kumbe hakuna aliyefungua kikopo akanusa?

Fundi alisema viraba vyote vibadilishwe na bomba lioshwe, lakini saizi yake ingepatikana Muleba. "Harusi haitangoja," akasema. "Zima injini, tia gia ya kwanza, piga stata hivyo hivyo. Likishaondoka, badili gia kwa kusikiliza mlio wa injini. Na usisimame ovyo."

Nilimtazama mjomba nikidhani atachukua usukani. Alikuwa ameingia dukani. Alipotoka alizunguka upande wa abiria, akapanda, akafunga mlango.

"Endesha," akasema.

Hakuniomba radhi, wala sikutegemea mjomba amwombe radhi mpwa wake. Nikapiga stata, Land Rover ikaruka kidogo, ikaondoka. Njia nzima mjomba alipakata kikopo kipya cha mafuta ya breki, miwani puani, akiyasoma maandishi yake polepole.