Sala ya Usiku Baina ya Nyumba na Msikiti

Katika ibada za Kiislamu hakuna iliyo ngumu kuandikiwa tarehe kuliko sala ya usiku, ile isaliwayo kwa hiari baada ya Isha hata kukaribia alfajiri, kwa kuwa mwenye kuisali hupendelea asionekane, na asiyeonekana haachi nyuma yake hati wala shahidi ghairi ya watu wa nyumbani mwake. Ijumaa ina mimbari na majina ya makhatibu, na Hija ina njia na misafara. Lakini mtu aliyeamka usiku wa manane, akatawadha kwa maji ya mtungi, akasimama juu ya msala wake pembeni mwa chumba, waandishi wa tarehe hawakuwa na la kumwandika. Basi yale tuyajuayo juu ya sala hii aghalabu ni habari za nyakati ilipotoka nyumbani ikaingia msikitini. Na kila ilipotoka yalitokea mambo mawili pamoja, wingi wa watu na khofu ya wenye elimu.

Mwanzo wake haukuwa hiari. Saad bin Hisham alipokwenda kwa Bibi Aisha kumuuliza jinsi Mtume alivyokuwa akisimama usiku, alirejezwa kwenye Sura ya Muzzammil, ambayo aya zake za kwanza, zilizoteremka Makka Uislamu ungali mchanga, ziliwafaridhishia Mtume na sahaba zake kisimamo cha usiku, nao wakasimama mwaka mzima mpaka miguu ikawavimba, ilhali mwisho wa sura ile umezuiliwa mbinguni miezi 12, hata iliposhuka takhfifu, lililokuwa faradhi likawa sunna. Habari hii imo katika Sahihi ya Muslim, na anayetaka kuyafahamu yaliyofuata hana budi kuiweka akilini, kwa sababu wale waliotajiwa baadaye uzito wa jambo hili hawakuwa watu wa kuhadithiwa; mzigo ule waliwahi kuuchukua.

Madina, vyumba vya wakeze Mtume vilikuwa vimeshikamana na ukuta wa msikiti, na humo ndimo sala hii ilimokaa. Ni Bibi Aisha aliyesimulia kuwa Mtume hakuwa akizidisha rakaa 11, ikiwa ni Ramadhani au ghairi ya Ramadhani, na kwamba uzuri na urefu wa rakaa zile haukuwa wa kuulizwa. Nje palikuwa na adhana mbili: ya Bilal, iliyokuja usiku ungalipo ili aliyelala aamke na aliyesimama apumzike kidogo, na ya Ibn Ummi Maktum, kipofu, ambayo ndiyo ya alfajiri yenyewe. Kisha ukaja usiku mmoja wa Ramadhani ambao Mtume alisalia msikitini, na watu wakasimama nyuma yake. Usiku wa pili wakazidi. Hata baada ya siku tatu au nne msikiti ukashindwa kuwachukua, naye usiku ule hakuwatokea mpaka alfajiri, ndipo alipowaeleza kuwa hakughafilika nao, bali alikhofu isije ikafaridhiwa tena juu yao wakashindwa nayo.

Mambo yakabaki hivyo katika siku za Abubakar, na mwanzoni mwa ukhalifa wa Umar. Hata usiku mmoja, katika Ramadhani ya mwaka wa 14 wa Hijra, yaani yapata mwaka 635, Umar aliingia msikitini akawakuta watu wametawanyika makundi makundi, huyu anasali peke yake, na yule ana kikundi kidogo nyuma yake. Akaona ni bora wote wawe nyuma ya msomaji mmoja, akamteua Ubayy bin Kaab. Na katika riwaya nyingine ametajwa pamoja naye Tamim ad-Dari, ambaye pia hunasibishwa na kuzitia taa msikitini mle. Wanawake nao wakawekewa imamu wao, Sulaiman bin Abi Hathma. Usiku mwingine Umar alipopita akawaona wamepanga safu moja, alisema kuwa bidaa hii ni njema, kisha akaongeza kuwa saa wanazozilalia ni bora kuliko hizi wanazozisimamia, akikusudia mwisho wa usiku. Watu wengi hulishika neno lake la kwanza, kwa kulitetea au kulipinga, na la pili wakaliacha. Nami naona la pili ndilo linaloonyesha kuwa Umar aliijua gharama ya alilolifanya, kwamba kuwakusanya watu ni kuwapa ile sehemu ya usiku iliyo nyepesi. Hata hivyo wepesi wao haukuwa kama wetu: wasomaji walisoma sura zenye aya mia na zaidi, maamuma wakaegemea fimbo kwa urefu wa kisimamo, na hawakutawanyika ila alfajiri imekurubia. Wala nyumba hazikuhamwa, maana Bibi Aisha mwenyewe alikuwa akisalishwa katika Ramadhani na mtumwa wake Dhakwan, aliyesoma huku akitazama msahafu.

Juu ya hesabu ya rakaa za sala hii ya jamaa, yaani tarawehe, ugomvi haujesha, na sikusudii kuuongeza. Lakini iko habari moja ya Madina ambayo lau ingesimuliwa mara nyingi zaidi, yamkini sauti zingepungua. Watu wa Makka walikuwa wakisali rakaa 20, na kila baada ya rakaa nne, wakati wa kupumzika, waliinuka wakaizunguka Al-Kaaba mara saba. Watu wa Madina hawakuwa na Al-Kaaba ya kuizunguka, na hawakuridhika kuachwa nyuma katika kheri. Basi mahali pa kila tawafu wakaweka rakaa nne, na kwa kuwa mapumziko ni manne, wakazidisha 16, zikawa 36, ukichanganya na witri tatu, 39. Liwali wa Madina alipotaka kuzipunguza akamtumia mjumbe Imamu Malik kutaka shauri lake, Malik alimkataza, akasema kuwa hayo ndiyo aliyowakuta watu wakiyafanya. Imamu Shafii, aliyeiona miji yote miwili, alieleza alivyowakuta Madina wakisali 39 na Makka 23, na hakuona dhiki katika lolote.

Jinsi tawafu ile ilivyochanganyika na sala tunaijua zaidi kutoka kwa Ibn Jubair, msafiri wa Andalusi, aliyeipata Ramadhani ya Makka mwishoni mwa mwaka 1183. Anataja mikeka iliyofanywa mipya, mishumaa na mienge iliyoufanya msikiti mzima uwake nuru, na kila madhehebu na imamu wao upande wao, sauti za wasomaji zikichanganyika. Kwake yeye imamu wa Kishafii ndiye aliyewashinda wote kwa juhudi, kwa kuwa aliingia katika tawafu pamoja na maamuma wake, na walipomaliza kuzunguka ulitiwa mlio mjeledi wa khatibu, ukasikika pembe zote za msikiti, watu wakajua kuwa sala inarejewa. Juu ya mnara zilitundikwa taa mbili, zikiwaka kwa muda wote ambao watu wangali na ruhusa ya kula daku, ili aliye mbali na sauti ya muadhini ajue kwa macho.

Si kila sala iliyotoka nyumbani ilipata khalifa wa kuipokea. At-Turtushi, mwanachuoni wa Kimaliki aliyefariki karibu na mwaka 1126, amesimulia yaliyotokea Baitul Mukaddas mwaka wa 448 wa Hijra. Alifika huko mtu mmoja kutoka Nablus, mwenye kisomo kizuri, akasimama kusali katika Msikiti wa Aksa usiku wa nisfu Shaabani. Akaja mtu mmoja akahirimia nyuma yake, akaongezeka wa tatu, na wa nne, na hakumaliza sala yake ila nyuma yake pana jamaa kubwa. Mwaka wa pili akarudi, wakasali naye watu wengi mno, na sala ile ikaenea misikitini na majumbani mpaka ikawa kana kwamba ni sunna. Ukiisoma habari hii na ile ya usiku wa Madina, utaona kuwa mwanzo wake ni mmoja: mtu asali, na mwingine amfuate bila ya kualikwa. Baadaye ikazuka Baitul Mukaddas hiyo hiyo sala ya Raghaibu, ya usiku wa Ijumaa ya kwanza ya Rajabu, na katika karne ya 13 iliwagombanisha Damaski wanavyuoni wawili wakubwa wa Kishafii, Izzuddin bin Abdissalam aliyeipinga na Ibn as-Salah aliyeitetea. Hoja ya Ibn as-Salah, kwa ufupi, ilikuwa ni kwamba mtu haondolewi katika sala kwa sababu tu ya siku aliyoichagua. An-Nawawi alikuwa upande wa waliopinga.

Wakati mafakihi wakijadiliana juu ya jamaa na nyakati, wengine waliandika kwa ajili ya yule aliye peke yake. Muhammad bin Nasr al-Marwazi, aliyefariki mwaka 906, alikusanya kitabu kizima juu ya kisimamo cha usiku. Na Al-Ghazali, katika kitabu cha kumi cha robo ya kwanza ya Ihya yake, aliweka masharti ya kuamka ambayo kwa kweli ni ya mtu aliyewahi kushindwa na usingizi: usile sana, usijichoshe mchana kwa kazi zisizo na haja, usiache kulala kidogo adhuhuri, na usitende dhambi mchana.

Hakuitaja kahawa, kwani haikuwa imejulikana bado. Katika karne ya 15 mafakiri wa Yemeni, akiwamo Sheikh Muhammad adh-Dhabhani wa Aden, walianza kuinywa ili wapate nguvu ya kukesha katika dhikiri na sala, na mwanzoni mwa karne iliyofuata tayari wanafunzi wa Kiyemeni wa Al-Azhar huko Misri walikuwa wakinywa kila usiku wa Jumatatu na wa Ijumaa, mkubwa wao akiteka kwa kikata kidogo kutoka katika chombo kikubwa cha udongo mwekundu na kuwapa mmoja mmoja kwa kuanzia kulia. Mwaka 1511 muhtasibu wa Makka, Khair Bey, akitoka katika tawafu usiku, aliwaona watu pembeni mwa msikiti wamekusanyika na taa zao, nao walipomwona wakazizima. Akauliza wanywacho, na kwa shaka ile kahawa ikaharimishwa na kuchomwa majiani, ingawa amri iliyotoka Misri baadaye ilikuwa nyepesi zaidi. Mwenye kunywa kahawa barazani Lamu au Unguja baada ya tarawehe, kikombe kimoja kikifuatwa na kingine huku dele likizunguka, anafuata mila ya wakeshaji, hata kama yeye mwenyewe atalala hadi daku.

Na katika pwani yetu yenyewe, ambayo Ibn Battuta aliikuta mwaka 1331 ikishika madhehebu ya Shafii, tarawehe ilisaliwa kwa rakaa 20, na kunuti ya witri ikasomwa tangu nusu ya pili ya Ramadhani. Mengi katika namna yake yalitoka Hadhramaut. Tarim, mji wa bonde la Hadhramaut, hata leo misikiti haisali tarawehe kwa saa moja, bali hupishana, huu ukimaliza mwingine ukaanza, hata mwenye himma aweza kuhama kutoka msikiti mpaka msikiti karibu na alfajiri. Na kutoka bonde lile walitoka masharifu wa Jamalullaili, ambao babu yao, kama wasimuliavyo wenyewe, aliipata lakabu hiyo kwa kukesha. Habib Saleh, aliyetoka Ngazija akahamia Lamu katika karne ya 19 na kuanzisha Msikiti wa Riyadha, ni wa ukoo huo. Wanawake wa miji hii, kwa kuwa misikiti mingi haikuwa na mahali pao, walisali majumbani, na habari za sala zao hazikuandikwa kamwe.

Makka, baada ya utawala wa Al Saud kuingia katika miaka ya 1920, maimamu wa madhehebu manne waliondolewa akabaki mmoja, na rakaa zilizokuwa 20 zimekuwa 10 tangu Ramadhani ya mwaka 2020. Katika siku kumi za mwisho watu hurudi tena msikitini baada ya tarawehe, kati ya usiku, wakasali kwa jamaa ile tahajudi ambayo Umar alikuwa amewaachia waamkao. Na desturi hiyo imefika Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, ambako msikiti sasa hujaa mara mbili kwa usiku mmoja, na vipaza sauti huwasomea hata waliobaki majumbani wakisali peke yao.