Jukwaa la Kamiriithu

Anayesomea ubunifu wa jukwaa chuo kikuu hufundishwa kuchora ramani, kisha kutengeneza mfano mdogo kabla ya kujenga. Katika nchi jirani ya Kenya, mwaka 1977, wanakijiji wa Kamiriithu, huko Limuru, waliifanya kazi hiyo wenyewe.

Waliipanga ramani ardhini kwa njiti za kiberiti, wakatengeneza mfano mdogo, ndipo wakajenga. Jukwaa lilikuwa la nusu duara, na nyuma yake palikuwa na ukuta wa mianzi. Viti virefu vya mbao vilipangwa kama ngazi, vikatosha watu wapatao 2,000. Paa halikuwepo. Mazoezi yalifanyika hadharani, na majirani waliopita waliwasahihisha waigizaji. Waandishi wa mchezo, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, walifanya kazi Chuo Kikuu cha Nairobi. Kamiriithu wao pia walijifunza.

Mchezo huo wa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, ulianza kuonyeshwa Oktoba 1977. Novemba serikali ikaupiga marufuku. Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Machi 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa.

Jiulize: mbao na mianzi zilimtisha nani? Pale mkulima na kibarua hawakuja kutazama tu, walikuja kusema. Nawe utakapochora ukumbi, kumbuka kwamba unapoamua watu watakaa wapi, unaamua pia kama sauti zao zitasikika.