Gofu: mchezaji wa ridhaa anafurahia nini, na matokeo ya mashindano husomwaje

Kila mwaka, Februari au Machi inapofika, taarifa zetu za michezo huwa na habari za Kenya Open. Na kila mara huzuka swali lile lile: inakuwaje mwenye "kutoa kumi na nne" ndiye anayeongoza, na mwenye "jumlisha tatu" yuko mkiani? Wengine huuliza swali gumu zaidi. Kuna raha gani mtu mzima kutembea saa nne juani akifuata kijipira, kisha arudi nyumbani na kukaa macho hadi usiku wa manane akitazama wengine wakifanya hivyo hivyo?

Tuanze na la kwanza, kwa kuwa ni jepesi. Uwanja kamili wa gofu una mashimo 18. Kila shimo lina kipimo chake, yaani idadi ya mikwaju ambayo mchezaji stadi anatarajiwa kutumia kutoka mahali pa kuanzia hadi mpira uingie: shimo fupi kipimo chake ni 3, la wastani 4, na refu 5. Kwa uwanja mzima jumla huwa 70, 71 au 72. Anayetumia mikwaju michache ndiye bora. Akimaliza shimo kwa mkwaju mmoja chini ya kipimo, watangazaji husema amepata bedi. Akizidisha mkwaju mmoja, amepata bogi. Basi "kutoa kumi na nne" maana yake ni kwamba mchezaji ametumia mikwaju 14 pungufu ya kipimo cha mashimo yote aliyocheza.

Mchezaji wa ridhaa, yule anayecheza bila kulipwa, hafiki huko. Wengi wao huzidisha mikwaju 15, 20 au hata 30 katika mzunguko mmoja. Kama gofu ingekuwa na hesabu hiyo moja tu, watu wangekata tamaa mwaka wa kwanza. Kinachowabakiza ni hendikapu.

Hendikapu ni namba inayoonyesha mchezaji huzidisha kipimo kwa mikwaju mingapi anapocheza vizuri. Tangu 2020 nchi nyingi hufuata utaratibu mmoja wa dunia nzima: huchukuliwa matokeo ya mizunguko 20 ya karibuni, yakachaguliwa 8 yaliyo bora, na wastani wake ndio unaotoa namba hiyo. Kiwango cha juu kabisa ni 54, wanaume kwa wanawake. Tuseme mwalimu mwenye hendikapu ya 20 anacheza na daktari mwenye 5. Mwalimu amemaliza kwa mikwaju 92, daktari kwa 78. Kwa macho, daktari ameshinda kwa mbali. Ukitoa hendikapu, mwalimu anabaki na 72 na daktari 73. Mwalimu ameshinda, tena kwa haki, kwa sababu yeye ndiye aliyecheza vizuri kuliko kawaida yake.

Hakuna michezo mingi ya namna hii. Huwezi kumpanga mzee wa miaka 65 acheze mpira wa miguu dhidi ya kijana wa 20 na mechi ikawa na maana. Kwenye gofu wanacheza pamoja kila Jumamosi, na kijana akizembea anafungwa. Pia kuna namna ya kuhesabu kwa pointi, inayotumika sana kwenye mashindano ya wikendi ya klabu zetu, ambapo shimo likikuharibikia unapata sifuri pale tu, kisha unasonga mbele. Halikuangushi mchezo mzima. Ukikusanya pointi 36, umecheza sawasawa na hendikapu yako. Ukileta 42, jiandae kwa maneno, maana wenzako wataanza kujiuliza kama hendikapu yako ni ya kweli au umeificha makusudi ujichukulie zawadi. Ugomvi huo haukosekani klabuni, na kwa maoni yetu ni sehemu ya utamu wenyewe.

Sasa twende kwenye kufuatilia wa kulipwa. Shabiki wa kandanda hatakanyaga uwanja wa fainali ya Kombe la Dunia akiwa na mpira mguuni. Mwanagofu wa kawaida anaweza kusimama palepale aliposimama bingwa. St Andrews ya Scotland, ambako mzunguko wa mashimo 18 ulianza mwaka 1764, ni ardhi ya umma. Wachezaji wa kawaida huingia kwa bahati nasibu, na Jumapili uwanja ule mkongwe kwa kawaida hufungwa kwa gofu, wenyeji wakapita hapo wakitembea na mbwa wao. Nairobi nayo, mwanachama wa Muthaiga au mgeni wake hucheza mashimo yale yale ambayo Kenya Open ilichezewa kuanzia 2022 hadi 2025. Anapomwona bingwa akiuingiza mpira kwenye mchanga karibu na shimo fulani, hafikirii kwa kubahatisha. Ameshaingia kwenye mchanga ule.

Kwa nguvu hawakaribiani hata kidogo. Mkwaju wa kwanza wa mtu wa kulipwa hufika mita 270 na zaidi, wa mchezaji wa kawaida karibu mita 200, na mara nyingi hauendi alikoutazamisha. Lakini karibu na shimo tofauti hupungua. Shimo lina upana wa milimita 108, mpira una karibu milimita 43, na katika mashindano makubwa ya Marekani mabingwa wakiwa umbali wa mita mbili na nusu hivi huingiza takriban nusu tu ya mikwaju yao. Nusu nyingine wanakosa. Mchezaji wa ridhaa aliyekosa mkwaju kama huo Jumamosi na kuchekwa na wenzake huipenda sana habari hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo mkulima wa nyanda za juu atalielewa haraka kuliko mtangazaji wa London. Nyasi za Kikuyu, hizi tunazolishia ng'ombe na ambazo zikiingia shambani kuzing'oa ni kazi, asili yake ni milima ya Afrika Mashariki. Zilisambazwa duniani, na leo ndizo zilizotandaza uwanja maarufu wa Riviera, Los Angeles. Wachezaji wakubwa huzilalamikia: zinaushika mpira na kuizungusha fimbo mkononi. Zaidi ya hayo, Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unaruka mbali kuliko pwani, na mgeni hulazimika kupiga hesabu upya ya kila fimbo. Mwenyeji anayatazama haya huku akitikisa kichwa kama anayejua.

Kenya Open yenyewe ilianza 1967, na tangu 2019 imo katika ngazi ya juu ya mashindano ya Ulaya. Lakini raha yake kubwa kwa wafuatiliaji wa siku nyingi ni kuwaona watu kabla dunia haijawajua. Seve Ballesteros wa Hispania alishinda Nairobi 1978, mwaka uliofuata akatwaa The Open ya Uingereza. Ian Woosnam wa Wales alishinda hapa 1986, na Masters ya Marekani 1991. Trevor Immelman wa Afrika Kusini alishinda 2000, na Masters 2008. Kwa wanawake, Vipingo katika kaunti ya Kilifi iliandaa mashindano ya ngazi ya Ulaya kuanzia 2019, na mshindi wa kwanza alikuwa Mjerumani Esther Henseleit.

Jina ambalo halijaonekana kwenye kombe la Kenya Open ni la Mkenya. Aliyekaribia sana ni Jacob Okello, aliyekuwa wa pili 1998 nyuma ya Ricardo González wa Argentina. Ndiyo maana siku ya Ijumaa jioni, baada ya mizunguko miwili, mashabiki wa hapa hawaangalii kilele cha jedwali. Wanaangalia katikati, kwenye mstari wa mchujo: wachezaji 65 wa kwanza na waliofungana nao huendelea, waliobaki huenda nyumbani bila fedha. Kijana wa nyumbani akivuka mstari huo kwa mkwaju mmoja, kwetu ni habari kubwa kuliko nani anaongoza.

Bila fedha, tumesema. Mchezaji wa ridhaa hazipati hata akishinda. Januari 2024, Nick Dunlap, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye miaka 20, alishinda The American Express huko California, ridhaa wa kwanza kushinda katika ngazi hiyo ya Marekani tangu Phil Mickelson 1991. Zawadi ya zaidi ya dola milioni 1.5 ilikwenda kwa aliyekuwa wa pili, Christiaan Bezuidenhout wa Afrika Kusini. Dunlap alichukua kombe, na siku chache baadaye akatangaza kuingia rasmi kwenye gofu ya kulipwa. Nani angemlaumu?

Gofu bado ni ghali, na hatutaficha. Sheria inaruhusu fimbo 14, lakini hata nusu ya hizo zikiwa za mitumba zinauma mfukoni, na ada ya uanachama inazidi fimbo. Mlango wa pembeni umekuwa ni wa makedi, vijana wanaobeba mifuko ya wachezaji na kuwashauri. Wengi waliokuja kuwa wachezaji wa kulipwa hapa Afrika Mashariki walianzia hapo, wakijifunza kwa kutazama na kucheza siku klabu zilipowaruhusu. Tena viwanja si vya miji mikuu tu. Mashamba makubwa yaliacha viwanja vijijini: Kericho na Nandi Hills kwenye chai, Mumias kwenye miwa, na TPC karibu na Moshi, miwa pia. Huko Jinja, Uganda, kando ya Nile, uwanja umejulikana kwa sheria yake ya ndani: mpira ukitumbukia kwenye unyayo wa kiboko, unautoa bila adhabu.

Kwa anayetaka kufuatilia kwa simu, usihangaike na video ukiwa na bando dogo. Jedwali la matokeo ni maandishi, halili data nyingi. Alama ya kutoa mbele ya namba ni chini ya kipimo, ya kujumlisha ni juu, na herufi E ni sawa na kipimo. Namba ya pembeni, kuanzia 1 hadi 18, ni shimo alilofikia leo, kwa hiyo anayeongoza kwa mkwaju mmoja akiwa ameshamaliza si lazima awe salama kuliko aliye nyuma yake mwenye mashimo manne mkononi. Mashindano mengi huanza Alhamisi na kumalizika Jumapili.

Makubwa kwa wanaume ni manne: Masters Aprili, PGA Mei, US Open Juni na The Open Julai. The Open ndiyo inayotufaa zaidi kwa saa, kwani huisha mapema usiku, tukiwa bado macho. Masters huisha karibu saa nane usiku, kuamkia Jumatatu. Mwaka 2025 waliokesha walimwona Rory McIlroy akimshinda Justin Rose kwenye shimo la ziada na kukamilisha makubwa yote manne, baada ya kuisubiri Masters hiyo kwa miaka mingi. Waliolala wakaisikia kwenye taarifa yetu ya asubuhi.