Secvar
Secvar ni sehemu ya kiini cha Linux inayoziwezesha programu za mtumiaji kusoma funguo za uwashaji salama zinazotunzwa na programu dhibiti katika kompyuta za POWER za IBM. Iliingia katika toleo 5.5, Januari 2020. Kila kigeu cha uwashaji salama (PK, KEK, db, na dbx yenye orodha ya vilivyopigwa marufuku) kina folda yake ndani ya /sys/firmware/secvar/vars. Faili la data husomwa na yeyote. La update huandikwa na msimamizi mkuu peke yake. Hata huyo hana neno la mwisho: kwenye programu dhibiti ya OPAL, badiliko huhakikiwa saini mashine inapowashwa upya, na lisilofaa hutupwa. Kompyuta mpakato za kawaida, kwa kazi hiyo, hutumia programu dhibiti ya UEFI na mfumo wa efivarfs.