Daraja la Mawe la London na Fedha Zake

Wasikilizaji, katika mazungumzo ya leo nataka kuwaeleza habari za daraja la mawe lililojengwa London zama za kale, juu ya mto Thames, likadumu miaka 600 na zaidi. Wengi huwasifu waashi wake, nao wastahili sifa. Lakini mimi naona kuwa habari iliyo kubwa kuliko uashi ni ya fedha zilizolitunza, maana daraja hujengwa mara moja, bali kutengenezwa ni kila mwaka.

Hapo kwanza palikuwa na madaraja ya miti, nayo yaliungua au kuchukuliwa na maji. Mwaka 1176, katika enzi ya Mfalme Henry II, kasisi mmoja aitwaye Peter wa Colechurch akaanza kujenga la mawe. Msistaajabu kusikia kuwa kasisi alikuwa mjenzi. Siku zile kujenga daraja kulihesabiwa kuwa sadaka, kama vile kumlisha maskini, na watu waliliachia daraja mashamba na nyumba katika wasia zao.

Wanafunzi wangu huniuliza daima: Je, nguzo ya mawe husimamaje katikati ya mto? Tena Thames pale London hujaa na kupwa kama bahari ya pwani yetu. Basi mafundi walichonga magogo ncha, wakayapigilia katika matope ya chini wakiyazungusha kama boma, wakajaza kifusi cha mawe ndani yake, wakalaza mbao nzito juu, ndipo wakaanza kujenga nguzo. Maboma hayo yalikuwa mapana hata yakaziba sehemu kubwa ya mto. Maji yalipokupwa yalishuka kati ya matao kwa kishindo, kama maporomoko, na abiria wenye busara walishuka mashuani kabla ya kufika, wakaenda kwa miguu, wakapanda tena upande wa pili. Wasio na subira walipita chini ya matao, na wengi walikufa maji.

Kazi ilichukua miaka 33. Peter hakuuona mwisho wake. Alikufa mwaka 1205, akazikwa katika kanisa dogo lililokuwa juu ya daraja lenyewe. Likamalizika mwaka 1209, zamani za Mfalme John, lenye matao 19 na urefu wa futi 900 hivi.

Juu yake zikajengwa nyumba na maduka, na kodi zake zikawa za kulitengeneza daraja. Shauri hilo lilikuwa jema kwa fedha, lakini baya kwa moto. Mwaka 1212 moto ulishika ncha zote mbili za daraja, na watu wengi waliokuwa katikati wakaangamia. Mawe yalisalia.

Hasara iliyofuata haikuletwa na moto. Karibu na mwaka 1270 Mfalme Henry III alimpa mkewe, Malkia Eleanor, mapato yote ya daraja. Malkia akala kodi, na matengenezo yakaachwa. Wenyeji wa London wakanung'unika, wasisikilizwe. Katika kipupwe cha mwaka 1281 kuingia 1282 mto uliganda, vipande vya barafu vikasukumana na nguzo zilizochakaa, na matao matano yakaanguka. Mimi siwezi kuilaumu barafu peke yake.

Hapo ndipo Mfalme Edward I alipoamuru wapitao watozwe ushuru ili daraja lijengwe tena. Mali ya daraja ikawa mikononi mwa wasimamizi waliochaguliwa na jiji, wenye ofisi yao iitwayo Bridge House, ng'ambo ya kusini. Walinunua mawe na magogo, wakaajiri waashi na maseremala, wakaandika hesabu. Daftari zao tangu mwaka 1381 zingali zasomeka.

Kwa zile nyumba, njia ilikuwa nyembamba mno, na magari ya farasi yalizuiana mchana kutwa. Mwaka 1722 ikaamriwa kuwa kila gari lishike upande wa kushoto. Ninyi mtembeao kwa baiskeli katika barabara za Kenya, Uganda na Tanzania mwaijua sheria ya namna hiyo! Baada ya mwaka 1757 nyumba zote zikabomolewa, na nguzo moja ya katikati ikaondolewa ili vyombo vipite. Maji yakazidi kuula msingi. Mwaka 1831 daraja jipya likafunguliwa karibu yake, na lile la Peter likavunjwa.

Lakini mali yake haikuvunjwa. Mwaka 1894, lilipofunguliwa daraja mashuhuri la Tower Bridge, gharama zilikuwa zimelipwa kwa fedha hizo za Bridge House, na hata leo mali hiyo hutunza madaraja matano ya London bila kutoza kodi ya wenyeji. Mawe yenyewe yalitawanyika. Vibanda viwili vya mawe, walivyojikinga wapita njia baada ya nyumba kuondolewa, vimesimama mpaka sasa katika bustani ya Victoria Park, mbali na mto, na watu hukaa humo mvua inaponyesha.