Damu ya ufizi ni ishara isiyofaa kupuuzwa

Mtu aonapo damu kwenye povu la dawa ya meno asubuhi, aghalabu hulaumu mswaki. Huhofia kujiumiza zaidi, akaanza kuliepa eneo hilo kila anaposafisha kinywa. Hilo ndilo kosa la kwanza, kwani mara nyingi damu hiyo hutokana na uchafu uliosalia hapo, na kuacha kuuondoa huyapa maradhi nguvu.

Ufizi wenye afya ni imara, hukumbatia shingo ya jino na hautoki damu unaposuguliwa kwa mswaki laini. Rangi pekee si kigezo. Waafrika wengi wana fizi nyeusi au zenye mabaka ya kahawia, na weusi huo ni wa maumbile wala si ugonjwa. Hata hivyo, huweza kuuficha wekundu wa maambukizi, ndiposa uvimbe na damu ni ishara za kutegemewa zaidi.

Chanzo kikuu ni ukoga, yaani utando laini wa bakteria unaojijenga juu ya meno kila siku. Mnamo 1965, mtafiti Harald Löe na wenzake nchini Denmark walichapisha matokeo ya jaribio ambapo watu 12 wenye fizi nzima waliacha kusafisha meno. Wote walipata uvimbe wa ufizi katika muda wa siku 10 hadi 21. Waliporejelea usafi, fizi zilipona kwa takriban wiki moja.

Hatua hiyo ya kwanza huitwa jinjivaitisi, nayo hupona kabisa. Hali hubadilika maambukizi yanapopenya chini ya ufizi na mfupa unaoshikilia jino kuanza kuliwa. Huo ndio ugonjwa wa periodontaitisi, na mfupa ukishapotea haurudi wenyewe. Ufizi hurudi nyuma, meno huonekana marefu, mianya huzuka kati yake, kinywa hunuka na usaha huweza kutoka. Mwishowe jino hulegea. Kwa bahati mbaya, haya yote hutukia bila maumivu makali, na wengi hufika kwa daktari wakati ambapo lililobaki ni kung'oa.

Si kila anayetoka damu atafikia hapo. Utafiti uliofanywa Machakos na kuchapishwa mwaka wa 1988 ulibainisha kwamba ukoga na ufizi wa kutoka damu vilienea mno miongoni mwa watu wazima, ilhali uharibifu mkubwa uliwapata wachache. Tatizo ni kwamba mtu hawezi kujua kwa kujitazama kwenye kioo iwapo yumo katika kundi hilo. Daktari hutumia kifaa chembamba kupima kina cha nafasi iliyo kati ya jino na ufizi. Milimita 3 au chini ni kawaida. Kuanzia 4, hasa panapotoka damu, huzua shaka.

Walio hatarini zaidi ni wavutaji sigara na wenye kisukari kisichodhibitiwa. Sigara ina hila yake: hupunguza damu ya ufizi, hivyo mvutaji hudhani yu salama. Wajawazito huvimba fizi kwa urahisi kutokana na mabadiliko ya homoni, na baadhi ya dawa, mathalan phenytoin ya kifafa na nifedipine ya shinikizo la damu, huweza kuukuza ufizi. Mgonjwa asiziache dawa hizo bila ushauri wa daktari. Vidonda vya ufizi vyenye maumivu makali na uvundo, hususan kwa mwenye virusi vya Ukimwi au mtoto mwenye utapiamlo, huhitaji matibabu siku hiyo hiyo.

Tiba ya msingi ni kuondoa ukoga, pamoja na ule uliokwisha kuganda kama jiwe na ambao mswaki hauwezi kuutoa. Daktari huukwangua juu na chini ya ufizi, kwa ganzi ikibidi. Baadhi ya wagonjwa hulalamika baadaye kwamba wameharibiwa meno, kwa kuwa wanaona mianya ambayo hawakuwa nayo. Ukweli ni kwamba mianya ilikuwapo tangu zamani, ila ilizibwa na uchafu na uvimbe.

Kusukutua kwa maji vuguvugu yenye chumvi hutuliza, na dawa ya klorheksidini husaidia kwa muda mfupi, ingawa huacha madoa kwenye meno. Vidonge vya antibiotiki vinavyonunuliwa dukani bila kusafishwa meno haviondoi chanzo. Kubandika aspirini kwenye ufizi ni hatari, kwani huuunguza.

Uvimbe wa ufizi ukienea hadi shavuni, chini ya ulimi au shingoni, au mgonjwa akipata homa, akashindwa kumeza au kupumua vyema, apelekwe hospitalini mara moja.

Nyumbani, meno husafishwa mara mbili kwa siku kwa mswaki laini, ukilengwa pale jino linapokutana na ufizi, na kati ya meno kwa uzi maalumu. Mswaki wa mti pia hufaa iwapo utafika meno ya nyuma na upande wa ndani. Aliyetibiwa periodontaitisi huitwa tena kliniki, aghalabu kila baada ya miezi 3 hadi 6.